Bolingi hatua kwa hatua: tufe, leni na hesabu kwa mchezaji aliyekwama chini ya pointi 120

Kila kikundi chetu kinaporudi Nakuru kutoka kucheza bolingi Nairobi, simu yangu hujaa picha za skrini za matokeo. Swali huwa lile lile. "Mwalimu, nilipiga straiki mbili mfululizo na mashine haikunipa hata pointi moja. Ilikuwa mbovu?" Haikuwa mbovu. Straiki ni kuangusha kwa mtupo wa kwanza pini zote kumi zilizosimama mwisho wa leni, ile njia ya tufe, na hesabu yake husubiri, kama utakavyoona Hatua ya 7. Swali la pili: "Mbona yule mama aliyekuwa akiviringisha polepole alinishinda, na mimi nilikuwa natia nguvu?"

Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo leo naandika mara moja. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha cheza mara tatu nne, anayeweza kufikisha tufe kwenye pini, lakini kila mchezo unaishia 80, 90 au 100. Nasema tufe na si mpira makusudi, maana anayelichukulia kama mpira ndiye huumia kifundo cha mkono.

Maelezo yote ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande: mbao za leni ahesabu kutoka kushoto.

## Andaa hivi kabla ya safari

- Soksi safi. Viatu utakodishiwa, soksi hakuna wa kukukodishia.
- Kipande cha taulo kuukuu cha kufutia tufe.
- Daftari dogo na kalamu. Usitegemee simu, vidole vitakuwa na mafuta.
- Suruali au sketi isiyobana magoti.
- Kucha zilizokatwa. Kucha ndefu kwenye tundu la tufe ni machozi.

Kwa mazoezi ya nyumbani ongeza: chupa kumi za maji za lita moja na nusu, mchanga mkavu, chaki, utepe wa kupimia, mpira kuukuu wa kandanda namba 5, na gunia lililojaa magunzi ya mahindi. Nitaeleza kazi yake mbele.

Tufe la kununua si lazima. Mtu wa pointi 90 anayenunua tufe lake ni kama aliyenunua jembe jipya kabla ya kupata shamba.

## Hatua ya 1: Chagua tufe kwa vidole, si kwa rangi

Namba iliyochorwa juu ya tufe la ukumbi ni uzito kwa paundi. Matufe mengi ya ukumbi huanzia paundi 6, na lililo zito kabisa linaloruhusiwa ni paundi 16, yaani kilo 7.26. Paundi 10 ni kilo 4.5, sawa na pakiti mbili za unga wa kilo mbili na robo pakiti juu yake. Paundi 12 ni kilo 5.4.

Vijana hukimbilia 14 ili waonekane. Mtupo wa tatu bega limeshuka, wa sita tufe linaanguka *du!* kabla ya mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka. Wanawake wengi wa kikundi chetu hucheza vizuri na 8 hadi 10, wanaume 11 hadi 13. Kipimo changu: lishike kwa mikono miwili mbele ya kifua, kisha lining'inize kwa mkono mmoja ubavuni na uhesabu hadi kumi. Bega likiinama, shuka paundi moja au mbili.

Sasa tundu. Kidole gumba huingia chote hadi mwisho. Kidole cha kati na cha pete huingia hadi kiungo cha pili. Kupima nafasi, ingiza gumba chote, kisha laza vile vidole viwili juu ya matundu yake bila kuviingiza. Mkunjo wa kiungo cha pili unapaswa kuangukia karibu na ukingo wa ndani wa tundu. Ukipita mbali, tufe ni dogo kwa kiganja chako. Usipofika, kiganja kitanyooka mno na gumba litakwama.

Gumba ndilo lenye uamuzi. Lizungushe ndani ya tundu: liguse kuta pande zote lakini litoke bila kuvutwa. Tundu likilegea utalikaba tufe kwa nguvu, na mkono uliokaba hauachilii kwa wakati.

Onyo: tufe likirudi kwenye rafu, usiingize vidole katikati ya matufe mawili. Linalofuata hufika kwa kishindo. Lishike kwa viganja ubavuni, upande usiogongwa.

Ukishapata lako, andika namba na rangi yake kwenye daftari, na ulitumie mchezo mzima. Kubadilisha tufe kila fremu, yaani kila zamu yako, hufuta kila ulichojifunza.

## Hatua ya 2: Viatu

Viatu vya bolingi vina soli laini ili mguu wa kushoto uteleze hatua ya mwisho. Mguu usipoteleza, goti ndilo hupokea mshtuko. Kwa hiyo usicheze na raba zako hata ukiruhusiwa.

Adui wa soli hiyo ni maji. Tone moja la soda au unyevu wa chooni hugeuza kiatu kuwa gundi: mwili unakwenda, mguu umebaki. Nimeona mtu akipita mstari kwa tumbo, tufe bado mkononi. Kabla ya kila mchezo pitisha kiganja chini ya soli ya kushoto. Iwe kavu kabisa.

## Hatua ya 3: Isome leni

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo pointi zilipo.

Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18.29. Upana ni kama sentimita 105, umegawanywa kwa mbao 39, kila moja karibu sentimita 2.7. Hata leni za kisasa zisizo za mbao huchorwa mistari hiyo. Hesabu kutoka mtaro wa kulia, ule mfereji wa kando ya leni: ubao wa kwanza, wa pili, hadi 39.

Mita nne hivi mbele ya mstari kuna mishale saba. Hiyo haikuwekwa kwa urembo. Mshale wa kwanza kutoka kulia uko ubao wa 5, wa pili ubao wa 10, wa tatu 15, wa katikati 20, na kuendelea kwa tano tano hadi 35.

Kuanzia leo usiangalie pini, angalia mshale. Ni rahisi kulenga kitu kilicho umbali wa mita nne kuliko kilicho mita 18. Na kosa hukua njiani: ukikosa mshale kwa ubao mmoja, tufe likifika kwenye pini limekosa kwa mbao kama nne. Hizo ni sentimita 11, na pini yenyewe mahali pake panene haifiki sentimita 12 na nusu. Ubao mmoja tu unaweza kukunyima pini nzima.

Pini huhesabiwa hivi: ya 1 mbele, nyuma yake 2 na 3, kisha 4, 5, 6, mstari wa mwisho 7, 8, 9, 10. Daima kushoto kwenda kulia. Shabaha yako si uso wa pini ya 1. Ni upenyo kati ya 1 na 3. Ukiipiga pini ya 1 katikati ya uso, tufe hupasua njia na kuacha pini kando kando, mara nyingi zikiwa zimeachana kushoto na kulia kama milingoti ya goli. Hilo pengo hata mabingwa huliogopa.

Katika straiki safi ya mkono wa kulia, tufe lenyewe hugusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9. Sita zilizobaki huangushwa na pini wenzake. Ndiyo maana yule mama alikushinda. Pini lazima zianguke kwa kulala ubavu na kusomba majirani. Ukizipiga kwa hasira huruka juu na kuwapita wenzake hewani.

### Mafuta usiyoyaona

Leni hupakwa mafuta membamba, kwa kawaida katika futi 40 hivi za mwanzo, yaani mita 12. Kwenye kumbi za kawaida katikati huwa mengi na kando machache. Penye mafuta tufe huteleza. Likifika pakavu hushika sakafu na kuanza kuviringika, na kama ulilizungusha, hukata kona.

Tufe la ukumbi mara nyingi ni la plastiki, nalo hukata kona kidogo sana. Ni zuri kwako kwa sasa. Lile unaloliona kwenye video likizunguka na kupinda kama nyoka lina ganda la resini linaloshika sakafu. Ukijaribu kulipinda la plastiki kwa kukunja kifundo cha mkono, utakachopinda ni kifundo.

Mafuta hayakai mahali pamoja. Matufe huyafuta yanapopita, mengine huyasogeza mbele. Kwa hiyo mstari uliokupa straiki saa nane huenda usikupe saa kumi. Tufe likirudi litazame: utaona mzingo unaong'aa kulizunguka, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Ufute kwa taulo kila mara, ili mtupo unaofuata uanze sawa na uliopita.

## Hatua ya 4: Hatua nne na mkono wa pendulamu

Kwanza tafuta pa kuanzia. Simama visigino karibu na mstari wa faulo, upe pini mgongo, tembea hatua nne za kawaida na nusu ya kuteleza, kisha geuka. Hapo ndipo pako. Nukta zilizo sakafuni zitakusaidia kukumbuka; ziandike.

Kisha:

1. Hatua ya kwanza, mguu wa kulia. Sukuma tufe mbele wakati huo huo.
2. Kushoto. Tufe linashuka kando ya goti.
3. Kulia. Tufe liko nyuma, limepanda lenyewe.
4. Kushoto, teleza. Tufe linapita kando ya kifundo cha mguu na kuachiliwa.

Mkono ni kamba, tufe ni jiwe lililofungwa mwishoni. Usilivute wala kulisukuma. Uzito wake una nguvu ya kutosha. Gumba hutoka kwanza, vidole viwili vinafuata, na kiganja kinamalizia kimeelekea mshale, kama unayemwamkia mtu aliyesimama mbele ya leni.

Tufe litue mbele ya mstari, chini, kama ndege inavyogusa lami ya uwanja wa Wilson. Ukisikia kishindo, goti la kushoto halikukunjika.

Onyo: mguu ukivuka mstari ni faulo. Pini ulizoangusha kwa mtupo huo hazihesabiwi hata zikiwa kumi. Na usiingie kwenye leni kwa sababu yoyote. Mafuta yatakuangusha, kisha utarudi nayo kwenye soli.

### Zoezi la nyumbani

Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa saruji hapa Kiamunyi. Chupa kumi tunazijaza takriban lita moja ya mchanga kila moja, zinakaribia kilo moja na nusu, yaani karibu uzito wa pini halisi. Zipange pembetatu, sentimita 30 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Mpira namba 5 una kipenyo karibu sawa na cha tufe. Mpe fundi wa viatu auchane, aujaze vitambaa na mchanga hadi kilo nne, aushone. Gunia la magunzi likae nyuma ya chupa ili lisimamishe kila kitu.

Nikiri: mpira huo hauviringiki sawasawa, una nundu. Usihesabu chupa zilizoanguka. Chora mishale kwa chaki na uhesabu mara ngapi umepita juu ya mshale wa pili. Ukipata saba kati ya kumi kwa siku tatu, uko tayari kwa leni.

## Hatua ya 5: Mtupo wa kwanza, na kufuata kosa

Weka mguu wa kushoto karibu na ubao wa 15. Tufe hutua mbao sita au saba kulia kwa mguu huo. Lenga mshale wa pili, ubao wa 10, kwa mtupo ulionyooka. Tazama mshale mpaka tufe lipite juu yake, ndipo uinue macho.

Ukikosa upenyo, jiulize swali moja kabla ya kusogea: nilipita juu ya mshale? Kama hukupita, kosa ni la mkono, rudia palepale. Kama ulipita na bado hukufika, sogeza miguu.

Kanuni ni fuata kosa. Tufe likienda kushoto mno, sogeza miguu kushoto. Likienda kulia mno, sogea kulia. Mshale ubaki ule ule. Wengi hufanya kinyume kwa sababu akili inataka kukimbia kosa. Ubao mmoja wa miguu hubadilisha kama mbao tatu kwenye pini, kwa hiyo anza na mmoja, usiruke mbao tano.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kusema, bila kubahatisha, "nilisimama 15, nikapita 10, nikaangukia kushoto." Hata kama umeangusha pini sita.

## Hatua ya 6: Spea ndiyo mshahara

Straiki ni shangwe. Spea, yaani kumalizia zilizobaki kwa mtupo wa pili, ndiyo mshahara wa mwezi.

Kwa pini zilizobaki kushoto, weka mshale ule ule na usogeze miguu kulia: mbao 2 kwa pini ya 2, mbao 4 kwa pini ya 4, mbao 6 kwa pini ya 7. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Leni yako itakuambia kama ni 5 au 7.

Kwa pini ya 10, ile ya kona ya kulia inayoliza watu, hamia kushoto, mguu karibu na ubao wa 32, na upite juu ya mshale wa katikati ukielekeza mabega kwenye kona. Ukibaki kulia na kujaribu kuipiga moja kwa moja, mtaro uko sentimita chache tu kando yake. Ukikata leni kutoka kushoto, karibu njia nzima tufe liko ndani.

Zikibaki mbili au tatu, lenga iliyo mbele zaidi. Na likibaki pengo la 7 na 10, chukua moja, uende. Nimewaona watu wakikosa zote mbili kwa kutafuta muujiza.

## Hatua ya 7: Hesabu, na kile kisanduku kitupu

Mchezo una fremu 10. Kila fremu una mitupo miwili ya kuangusha pini 10. Ukiangusha zote kwa wa kwanza ni straiki, alama X. Ukimaliza kwa wa pili ni spea, alama ya mkwaju. Zikibaki, fremu imeisha na unapata ulichoangusha tu.

Spea hulipa 10 pamoja na mtupo mmoja unaofuata. Straiki hulipa 10 pamoja na mitupo miwili inayofuata. Ndiyo maana kisanduku hubaki kitupu. Ni kama mzunguko wa chama ambao wanachama wawili hawajatoa: mweka hazina hawezi kuandika jumla mpaka walete.

Tufuate mchezo mmoja kwa kalamu:

- Fremu 1: 7 na 2. Jumla 9.
- Fremu 2: 8, kisha spea. Inasubiri mtupo mmoja.
- Fremu 3: X. Fremu 2 inalipwa 10 + 10 = 20. Jumla 29. Fremu 3 inasubiri miwili.
- Fremu 4: X. Fremu 3 imepata mmoja, inasubiri mwingine. Hapa ndipo watu hunipigia simu.
- Fremu 5: 6 na 3. Fremu 3 ni 10 + 10 + 6 = 26, jumla 55. Fremu 4 ni 10 + 6 + 3 = 19, jumla 74. Fremu 5 ni 9, jumla 83.
- Fremu 6: 9, kisha spea. Inasubiri.
- Fremu 7: 5 na 4. Fremu 6 ni 15, jumla 98. Fremu 7 ni 9, jumla 107.
- Fremu 8: X.
- Fremu 9: 7, kisha spea. Fremu 8 ni 10 + 7 + 3 = 20, jumla 127.
- Fremu 10: X, 8, 1. Fremu 9 ni 10 + 10 = 20, jumla 147. Fremu 10 ni 19. Mwisho 166.

Fremu ya 10 ina mtupo wa tatu kwa aliyepiga straiki au spea tu, ili deni lake lilipwe. Aliyeacha pini anaishia miwili. Pointi za juu kabisa ni 300, straiki 12 mfululizo.

Sasa linganisha wachezaji wawili. Wa kwanza anapiga straiki, kisha fremu inayofuata anaangusha 9 na kukosa moja, hivyo hivyo hadi mwisho. Ana straiki tano na kelele nyingi. Pointi zake: 140. Wa pili hana straiki hata moja. Kila fremu anaangusha 9, anamalizia moja, na mtupo wa mwisho wa ziada pia 9. Pointi zake: 190.

Mashine nayo hukosea. Kwenye ukumbi mmoja ilituandikia 8 wakati pini moja tu imesimama. Kwa hiyo hesabu zilizobaki wima kabla ufagio wa mashine haujashuka kuziondoa, na mwite mhudumu papo hapo arekebishe. Ukingoja fremu mbili zipite, hakuna atakayekumbuka. Kumbuka pia: pini iliyoangushwa na pini nyingine iliyodunda ukutani inahesabiwa, lakini tufe lililoingia mtaroni likaruka na kugonga pini halina chochote.

## Cha kuandika kabla ya kufika Gilgil

Kwenye matatu ya kurudi, mchezo ukiwa bado kichwani, andika kwa kila fremu mambo mawili tu: pini zipi zilibaki baada ya mtupo wa kwanza, na kama ulizimaliza. Ukiona 10 imejirudia mara nne na hukuipata hata moja, wiki hiyo Kiamunyi panga chupa moja peke yake, kona ya kulia, uanze upande wa kushoto. Nitumie picha ya daftari, si ya skrini.